Rundo la Nne Halinuki

Tulimwacha Nurzat amepiga magoti, mkono umezama ndani ya rundo la nne mpaka kwenye kiwiko, na nyuma yake mtu akakohoa.

Hakugeuka. Kikohozi kile alikijua. Ni cha mtu anayesema kila Ijumaa kwamba sigara ameacha, na kila Jumamosi anaomba kiberiti.

Turat Asanovich, msimamizi wa kazi.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, jambo lenyewe ni hili. Nje ya kijiji cha Kara-Dobo upo uwanja wa ndege wa jeshi la zamani. Ndege ziliondoka na wenyewe, mafuta yakabaki. Matangi yaliyozikwa yakaoza, mafuta yakashuka taratibu mpaka yakakaa juu ya maji ya chini ya ardhi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Wazee wakaona ni bahati. Wakachimba mashimo, wakachota kwa kata, wakawashia majiko majira yote ya baridi. Baadaye visima vya Mtaa wa Juu vikaanza kunuka, na watoto wakaanza kujikuna.

Sasa kimebaki kisima kimoja kisafi, cha Mtaa wa Chini. Hicho ndicho anachonywea Alima, binti wa Nurzat, na hicho ndicho Nurzat anakilinda kama mboni ya jicho.

Kampuni imeletwa kuusafisha udongo. Wanauchimba, wanaurundika, wanauchanganya na nyasi kavu na mavi ya farasi, wanaumwagia maji na kuufunika kwa turubai. Humo ndani wamo vijidudu visivyoonekana, navyo hula mafuta. Udongo ukipona, unarudishwa shimoni. Kazi ya Nurzat ni kuchota sampuli za kupeleka maabara ya mjini.

Na rundo la nne ndilo lililokuwa chafu kuliko yote. Ukifunua turubai, machozi yalikutoka. Lilitakiwa liendelee kunuka mpaka vuli.

Leo halinuki.

"Umepoteza pete humo?" Turat Asanovich aliuliza.

Nurzat alivuta mkono, akafumba kiganja juu ya konzi ya udongo, akaiteremsha kwenye mfuko wa koti huku akijipangusa magoti.

"Natazama unyevu, bosi."

"Unyevu upo. Mimi mwenyewe nimetazama."

Tangu lini? Mtu huyu hakuwahi kugusa rundo bila glavu, na glavu zenyewe alikuwa akimpa mtu amshikie. Lakini asubuhi hii alikuwa na furaha ya bwana harusi. Akamweleza kwamba watu wa maabara watakuja wenyewe Jumatatu, hakuna haja ya yeye kuhangaika na sampuli. Rundo limepona mapema, na asifiwe Mungu. Akacheka kwamba farasi wa Kara-Dobo wana mavi yenye nguvu kuliko dawa ya Ulaya.

Kisha akatoa peremende mfukoni. "Mpelekee Alima. Na wewe nenda nyumbani, kwenu leo kuna ashar. Mumeo nimeshampa ruhusa."

Nurzat alipokea ile peremende kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, na hapo akayakumbuka maneno ya alfajiri.

Sagyn, mumewe, ndiye dereva wa kijiko, mtambo wa kuchota udongo, pale kazini. Alfajiri, akivaa mabuti, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake kwamba leo hatakuwepo kwenye ashar, kazi ya pamoja ya kumjengea mdogo wake nyumba. Kwamba bosi amemkatalia. Kwamba atabaki kazini mpaka jioni.

Sasa nani mwongo?

Alipofika nyuma ya ghala aliitoa ile konzi ya udongo na kuifungua mkononi. Nyasi zake zilikuwa za manjano, zinang'aa, kama zimetoka zizini jana. Lakini nyasi za rundo la nne zilitiwa tangu kabla ya theluji. Zilipaswa kuwa nyeusi na laini, kama majani ya chai yaliyokwisha kunywewa.

Huu haukuwa udongo uliopona. Huu ulikuwa udongo mwingine.

Basi ule mchafu, chungu nzima ile, umekwenda wapi?

Nurzat hakupita lango kubwa. Alizunguka kwa nyuma, kwenye uzio, na hapo ndipo alipoziona alama za magurudumu. Pana, zenye meno, zimechimba matope ya theluji iliyoyeyuka. Gari lenye magurudumu yale pale kazini ni moja tu, na dereva wake ni mmoja tu.

Alizifuata. Kila baada ya hatua kadhaa lilikuwa limedondoka bonge la udongo lenye nyasi. Zikapita shule. Zikapita kinu. Zikakata kona kwenye safu ya miti ya mipopla, na Nurzat akaanza kuomba kimoyomoyo ziende mbele, ziende popote pale, zisikate tena.

Zikakata. Zikaingia kwenye lango la bluu la nyumba ya mama mkwe wake.

*

Uani palikuwa na shangwe. Mdogo wake Sagyn anaoa, na nyumba ya maharusi haijengwi na mtu mmoja. Umeitwa mtaa mzima kwa ashar, kila mtu na mikono yake, malipo ni chai na maandazi. Wanaume walikuwa wamekunja suruali, wanaukanyaga udongo kwa miguu mitupu, wanauzunguka kama farasi wa kupura ngano. Wanawake wanajaza kalibu za mbao za matofali. Mama mkwe, ambaye wote humwita apa, alikuwa amekaa kando ya birika lake la mkaa kama malkia.

Katikati ya wakanyagaji alikuwemo Sagyn. Miguu mitupu, tope mpaka magotini.

Na kando yake, ameshika suruali ya baba yake kwa mkono mmoja, mkono wa pili umo mdomoni, alikuwemo Alima. Tope mpaka kwenye nyusi.

Nurzat hakusalimia. Mke wa mwana anayeingia uani mwa mama mkwe bila salamu, watu humkumbuka miaka. Alipita moja kwa moja, akamnyanyua mtoto, akamtoa vidole mdomoni na kuanza kumfuta ulimi kwa kitambaa chake cha kichwa. Mtoto akaangua kilio. Miguu ya wakanyagaji ikasimama.

"Baba Alima," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "udongo huu umeutoa wapi?"

Sagyn alitazama tope. Kisha akamtazama mama yake. Hapo Nurzat akajua.

"Nilitaka kukwambia jioni," Sagyn alisema.

"Umeutoa wapi?"

Apa ndiye aliyejibu, huku akimimina chai, tena bila haraka. Alisema udongo ni yeye aliyeuomba. Kila akipita kule uzioni anaona udongo umeshatiwa nyasi, umeshatiwa mavi ya farasi, umeshaloweshwa, umefunikwa vizuri kama unga wa mkate. Maisha yake yote amefyatua matofali, na hivyo ndivyo udongo wa matofali unavyotengenezwa. Wageni wamekuja na mashine kutengeneza kitu ambacho kila bibi wa Kara-Dobo anakitengeneza kwa miguu yake, halafu wanakaa wanakitazama. Akamwambia mwanawe amletee vijiko viwili vitatu. Kuna ubaya gani?

"Ubaya ni kwamba una sumu, apa," Nurzat alisema.

Neno lile lilipita uani kama upepo wa mlango. Mama mmoja akamvuta mtoto wake. Mwingine akaanza kujisugua miguu na magunia. Mtu akauliza kwa sauti ya chini kama Sagyn alijua. Wote walimtazama Sagyn, na Sagyn akawa mwekundu shingo nzima.

"Mke wangu," alisema, "nusa. Hebu nusa kwanza."

"Pua hudanganywa. Nipeni chupa."

Apa alileta mwenyewe chupa tupu ya jemu, akaiweka chini kwa kishindo. Nurzat akatia tope la pale uani mpaka nusu, akajaza maji safi, akafunika, akatikisa kwa nguvu. Hivi ndivyo walivyomfundisha. Mafuta hayawezi kujificha ndani ya maji. Ukiacha chupa itulie, yatapanda yenyewe juu, yatatanda utando wa rangi rangi kama shingo ya njiwa.

Akaiweka juu ya ukuta kwenye jua. Watu wakaizunguka. Hata apa aliliacha birika.

Nyasi zikaelea. Tope likashuka.

Maji yalikuwa masafi. Hakuna rangi. Hakuna utando. Hakuna kitu.

Nurzat aliinama, akaitazama chupa kutoka upande, akaitazama kutoka juu. Aliwaza kwamba ametikisa vibaya. Alijua hakutikisa vibaya.

Aliyeanza kucheka ni Kubat, mwenye mkokoteni wa punda, jirani asiyekosa ashar hata moja wala andazi lolote. "Shemeji, sumu iko wapi? Mimi nimeshakanyaga tangu asubuhi. Kama nitakufa, naomba nife nimeshiba."

Wakacheka wote. Wote isipokuwa watatu. Apa alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Alima alikuwa bado ana kwikwi. Na Sagyn alitoka matopeni, akajimwagia maji miguuni, akavaa mabuti bila kufunga kamba.

"Umenivua nguo mbele ya mama yangu," alimwambia Nurzat, kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. "Bosi alinipa udongo kwa mdomo wake. Aliniambia, 'Chukua, Sagyn, mama yako ana ashar, chukua mchana watu wakiona, kwani unaiba?' Ila nisikwambie wewe, maana wewe ni mtu wa sheria."

Akatoka kwenye lango la bluu. Hakugeuka nyuma.

Nurzat alisimama na chupa mkononi. Chukua mchana, watu wakiona. Akayarudia maneno yale mpaka yakaanza kunuka kuliko rundo lolote.

Turat Asanovich, mtu anayehesabu hata mipini ya majembe, ametoa udongo bure? Tena mchana, tena wa rundo la nne, tena kwa mume wa mchota sampuli?

Siku watu watakapouliza udongo mchafu umekwenda wapi, kijiji kizima kitakuwa shahidi. Sagyn ndiye aliyebeba. Tulimwona. Matofali yale pale.

Ilikuwa kamba, na mume wake alikuwa ameshaitia shingoni kwa hiari yake, akidhani ni skafu.

*

"Kaa unywe chai, shemeji," Kubat alikuwa anasema, ameshaketi kwenye mkeka. Alikuwa na moyo mzuri Kubat, utani wake haukuwa na miba. "Mbona sura imekauka hivyo. Kama ulikuwa unautaka udongo unaonuka ungekuja mferejini juzi. Ule ulikuwa unanuka. Mke wangu amenilaza na mbwa."

Nurzat aliweka chupa chini.

"Nipe mkono wako."

"Eti?"

Hakungoja. Aliushika mkono wa Kubat, mkono wa mwanamume asiye wake, mbele ya mama mkwe na mtaa mzima, akauinua mpaka puani.

Apa aliguna kama aliyechomwa. Mwanamke mmoja akasema, "Ya Allah," akageuza uso.

Chini ya harufu ya tope, chini ya harufu ya punda na maandazi, kwenye nyufa za kiganja kile ilikuwepo. Kali, tamu kidogo, ya kukamata koo. Mafuta ya ndege.

"Kubat baike," alisema, akimwita kaka kwa heshima ili mkono usiondolewe. "Mferejini mlikuwa mnafanya nini?"

Kubat alieleza huku anatazama watu kwa aibu. Ukingo wa mfereji mkuu ulibomoka wakati theluji inayeyuka, kama kila mwaka. Mzee wa maji akawa anahangaika kutafuta udongo wa kuuziba. Ndipo Turat Asanovich, Mungu amzidishie, akaleta malori ya udongo uliokwisha changanywa, akamwaga palepale ukingoni, hakutaka hata asante. Wakaupaka kuanzia lango la maji mpaka kwenye daraja. Unanata kama gundi. Unanuka, ndiyo, lakini mzee wa maji alisema afadhali unuke, fuko hatatoboa.

Kutoka langoni mpaka kwenye daraja.

Kila mtu wa Kara-Dobo anajua mfereji ule unakopita. Unapita juu ya Mtaa wa Chini. Ardhi ya pale ni ya mchanga na kokoto, inayanywa maji ya mfereji majira yote ya kilimo, na maji hayo hayo hushuka, yakachujwa, yakatokea kwenye kisima. Kisima cha Alima.

Ukingo mkavu hauna neno. Ukingo mkavu unaweza kubanduliwa kwa majembe, ukafunikwa turubai, ukasubiri. Lakini maji yakishapita mle...

"Maji yanafunguliwa lini?" aliuliza.

"Leo," Kubat alisema. "Baada ya adhuhuri. Kwani hujui?"

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshamalizika, na hakuna aliyeisikia kwa kicheko.

Nurzat alimweka Alima mapajani kwa apa. Wanawake hawa wawili walitazamana. Miaka mitatu chini ya paa moja na hawajawahi kutazamana hivyo.

"Asinywe chochote mpaka nirudi," alisema.

Alingoja matusi. Apa alimvuta mtoto kifuani, akamfunika kwa shali yake.

"Kimbia," apa akasema.

*

Mzee wa maji, anayeshika ufunguo wa lango la mfereji, anakaa nyumba ya juu kabisa kijijini. Ni kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe. Kwa hiyo Nurzat, kama mke yeyote wa ukoo ule, haruhusiwi kulitamka jina lake. Humwita Baba wa Maji.

Alimkuta langoni kwake anafunga mshipi wa koti. Pumzi zilikuwa zimemwisha, lakini aliinama, mkono kifuani, akasalimu. Mzee hafunguliwi mdomo bila salamu.

Kisha akamwambia yote kwa mkupuo. Nyasi za manjano. Chupa ya jemu. Mikono ya Kubat. Alipolitaja jina la Turat Asanovich mzee alikunja uso, akasema yule ni mtu mwema, alikuja na sukari, aliinama kama mtoto wa hapa.

"Baba wa Maji, ulipoushika ule udongo, ulinusa nini?"

Mzee alivitazama viganja vyake. Yeye mwenyewe ujanani alichimba yale mashimo, alichota kwa kata, aliwauzia madereva barabarani. Harufu ile alilala nayo miaka.

"Nilinusa," alisema hatimaye. "Nikasema ni pua ya uzeeni. Mtu ukizeeka unanusa ya zamani."

"Basi usifungue. Leo tu. Tubandue ukingo, tuite ashar, mtaa mzima tayari umekunja suruali. Leo tu, nakuomba."

Mzee alitazama chini kijijini, kwenye mashamba yanayosubiri maji. Kumnyima mtu zamu yake ya maji katika majira haya ni kutafuta ugomvi wa vizazi. Alipumua. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Sawa," alisema. "Lango halifunguliwi."

Nurzat aliinama tena kumshukuru. Alicheka, akajifuta macho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliiona mipopla, imeanza kutoa majani.

"Nipe ufunguo niushike mimi, Baba wa Maji. Asije mtu akakuzidi maneno."

Mzee alimtazama kwa mshangao.

"Ufunguo? Si kauchukua mumeo sasa hivi. Kasema umemtuma wewe, nikadhani ni kwa haya haya."

Nurzat aligeuka akimbilie mferejini.

Kando ya miguu yao, katika mtaro mdogo unaopita mbele ya lango la mzee, kitu kilichakacha. Majani makavu ya mwaka jana yalianza kusogea, polepole, kama yanayosukumwa na pua ya mnyama. Nyuma ya majani yalikuja maji. Na juu ya maji, zikijitandaza na kujikunja, zilikuja rangi: zambarau, kijani, dhahabu, zote zikielekea Mtaa wa Chini.

Kule juu, upande wa lango la mfereji, kijiko cha Sagyn kilikuwa kinanguruma.